Mtu wa Kumi

Nilipompigia mamangu simu Mombasa kumweleza kuwa nimepata kazi ya kufundisha hesabu katika sekondari ya Kiyahudi huko New Jersey, alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Wanasali?" Nikamwambia husali mara tatu kwa siku, na sala ya asubuhi husaliwa pale pale shuleni kabla ya vipindi. "Basi nenda, mwanangu," akasema. "Wanaosali utajua namna ya kukaa nao."

Nilikaa nao miaka saba, tangu 2013 hadi 2020. Shule yenyewe sitaitaja, maana mengi nitakayosimulia ni ya watoto, na watoto wale sasa ni watu wazima wenye haki ya kuyasema au kuyanyamazia wenyewe. Iko maili chache kutoka Mto Hudson, ng'ambo ya New York. Ni shule ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja. Nusu ya siku walisoma Torati, Talmudi na Kiebrania. Nusu ya pili ilikuwa ya hesabu, sayansi, historia na Kiingereza, na humo ndimo tulimokuwa mimi na walimu wengine wasio Wayahudi. Siku ilianza kabla ya saa mbili asubuhi ikaisha karibu saa kumi na moja jioni. Familia hazikuwa za namna moja. Nyingine zilishika sheria ya dini barabara, baba na vijana wa kiume wakivaa vikofia, mama wakifunika nywele. Nyingine zilionekana sinagogi siku za sikukuu kubwa tu.

Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimeulizwa kuhusu mtandio wangu kila mahali Marekani: dukani, kwenye basi, chuo kikuu. Pale shuleni hakuna aliyeniuliza. Mwalimu wa Biblia aliyekaa meza ya jirani alikuja kila siku na kilemba chake, na tulipozoeana tulibadilishana pini. Rabi aliyefundisha Talmudi, siku tuliyotambulishwa, hakuninyooshea mkono, aliuweka kifuani. Nami wangu ulikuwa umeshafika kifuani. Tukatazamana tukatabasamu, na tangu siku ile hatukuhitaji kuelezana jambo hilo tena.

Lugha yao nayo ilinipokea kwa njia ambayo sikuitarajia. Siku moja nilisimama nje ya darasa la Kiebrania la wanaoanza, nikawasikia wakihesabu kwa sauti. Saba yao ni *sheva*, tisa ni *tesha*, mia ni *mea*, elfu ni *elef*. Namba hizi sisi tulizipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo niliyokuwa nikiyasikia yalikuwa maneno ya binamu. Roho ni *ruah*. Sadaka ni *tsedaka*, na kila darasa lilikuwa na kibweta chake cha sadaka karibu na mlango, sarafu zikidondoka humo asubuhi hadi jioni. Na somo langu lenyewe, hesabu, wao huliita *heshbon*. Niliwaandikia wanafunzi wangu maneno haya ubaoni, safu mbili, na kipindi kile sikufundisha kitu kingine. Tangu hapo wakaacha kuniita kwa jina la ukoo, wakaniita Mwalimu.

Neno la kuhesabu nililielewa upya asubuhi moja ya baridi nilipowahi kufika. Kijana alitokea mwisho wa ukumbi akikimbia, vijisanduku vyeusi vya ngozi wanavyovifunga mkononi na kwenye paji la uso vikiwa vimeshafungwa, akipaza sauti: "Tunahitaji wa kumi!" Mwenzake aliyekuwa anakula mkate kwenye ngazi akaufunga ndani ya karatasi akaondoka naye. Sala ya jamaa, wanayoiita minyani, haitimii mpaka wapatikane Wayahudi kumi waliofikisha umri wa miaka 13. Wakiwa tisa wanaweza kusali, lakini sehemu zilizo takatifu zaidi hazisemwi, na Torati haitolewi kabatini kusomwa. Wataalamu tisa ni tisa. Mtoto mmoja mwenye usingizi akiingia, sala inatimia.

Aliyekuwa anakula mkate kwenye ngazi alikuwa mkia wa darasa langu la aljebra. Alichelewa kila kipindi, daftari lake lilikuwa tupu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumwona kama kiti kilichoketiwa. Nikagundua kuwa katika kundi lake la sala hakuna siku aliyokosa. Si kwamba alikuwa mcha Mungu kuliko wengine. Kundi lao lilikuwa dogo, na asipofika, watu walimpigia simu. Mtoto yule alijua saa hasa ambayo ulimwengu ulimhitaji. Nilianza kumfikiria tofauti, na nilianza kujiuliza ni kitu gani darasani mwangu ambacho kingekwama yeye asipokuwapo. Jibu lilikuwa hakuna, na aibu ya jibu hilo ilikuwa yangu. Mwezi uliofuata nilibadilisha namna ya kuwapangia kazi: kila swali gumu niliwapa wanne, kila mmoja akishika kipande ambacho mwenzake hana. Alipokosa kuja, wenzake watatu walimfuata kwenye ngazi.

Kuna jambo la watu kumi lililoniuma, nami nitalisema. Shule ilikuwa na vyumba kadhaa vya sala. Katika kimoja wasichana walihesabiwa, waliongoza, walisoma Torati. Katika kingine walisali nyuma ya kizuizi cha mbao, na hata wangekuwa hamsini, hesabu ilibaki ya wavulana. Shule iliamua kuviweka vyumba vyote chini ya paa moja, na wazazi wakakubali kwamba hakuna atakayemlazimisha mwenziwe. Niliheshimu uamuzi huo, maana najua ni rahisi kiasi gani kwa watu wa dini moja kuvunja ukuta na kujenga sinagogi la pili, au msikiti wa pili, mtaa ule ule. Ila niliwaona pia wasichana waliofika mapema kuliko kaka zao, wakasubiri mvulana wa kumi aamke. Mimi ni binti wa Kibokoni, Mombasa. Kusali nyuma si jambo geni kwangu, na sikuwa na haki ya kuwahukumu. Nilichokiona ndicho ninachokiandika.

Mwaka wa kwanza nilifanya makosa mawili. La kwanza lilikuwa la mahamri. Nilikanda unga usiku, nikakaanga alfajiri, nikabeba kapu zima darasani, na mahamri yakarudi nyumbani yalivyo. Watoto walinishukuru kwa adabu, wakayanusa, hakuna aliyegusa. Msichana mmoja alibaki baada ya kengele akanieleza taratibu: sufuria yangu ya nyumbani, mafuta yake na historia yake havijulikani. Nikamwambia naelewa kabisa, kwa sababu mimi mwenyewe nimelala njaa kwenye viwanja vya ndege kwa sababu hiyo hiyo. Aliona haya, mimi niliona jirani.

Mwaka wa pili, ilipokaribia Hanuka, mpishi mkuu wa shule akanikaribisha jikoni kwake. Hanuka ni sikukuu ya siku nane, ya kukumbuka mafuta ya hekalu, na chakula chake ni vitu vilivyokaangwa. Msimamizi wa chakula cha kosha, yaani kilicho halali kwao, alinunua tui la kopo lenye muhuri wao, akakagua unga, akawasha moto yeye mwenyewe kama sheria yao inavyotaka, kisha akaniachia karai. Akafurahi sana aliposikia ni tui la nazi, wala si maziwa ya ng'ombe. Kwao nyama na maziwa havikutani, si mezani, si kwenye sinki, si kwenye kabati la vyombo. Ila nazi haiko upande wowote, inakaa na vyote viwili. Tulikaanga mahamri mia tatu. Kila mwaka tangu hapo, usiku wa kwanza wa Hanuka ulinikuta jikoni mle nikiwa na iliki vidoleni.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Mwisho wa muhula nilisafisha kabati la darasa nililorithi, nikakuta rundo la karatasi za zamani zenye maandishi ya Kiebrania, nyingine zimechanika, nyingine zina madoa ya kahawa. Nikazitia kwenye pipa la taka. Niliporudi baada ya chakula cha mchana, wavulana wawili walikuwa wamepiga magoti mbele ya pipa wakizitoa moja moja, wakizipangusa kwa mikono ya mashati yao. Hawakunilaumu. Mmoja alisema tu kwamba jina la Mungu limo humo, na kwamba kuna sanduku lake chini ya ngazi.

Nilikaa kwenye kiti nikiwa na miaka saba tena. Chuoni kwetu Kibokoni, maalim alikuwa na mfuko wa kitambaa uliotundikwa juu ya dirisha, na kila karatasi ya juzuu iliyochakaa iliingia humo. Jani la msahafu likianguka chini tulilibusu kisha tukaliweka kichwani. Watoto hawa nao walibusu kitabu kilichoanguka. Nilikuwa nimewaona mara mia, na bado sikuwa nimeunganisha. Sanduku la chini ya ngazi waliliita geniza, na lilipojaa karatasi zake zilikwenda kuzikwa makaburini kama maiti.

Rabi ndiye aliyenisimulia usuli wake. Katika sinagogi la Ben Ezra, huko Fustat, Kairo ya kale, kulikuwa na chumba kama hicho ambamo Wayahudi waliweka maandishi kwa karne nyingi bila kuyazika. Mwaka 1896 msomi aitwaye Solomon Schechter alisafiri kutoka Cambridge, akakiingia, akarudi na karibu vipande 200,000. Shule nyingi za Kiyahudi za Marekani zilipewa jina lake. Ndani ya vipande vile mlikuwa na sala, mikataba ya ndoa, madai ya madeni, hata mazoezi ya watoto waliokuwa wakijifunza alfabeti. Na mlikuwa na barua za wafanyabiashara wa karne ya 12 waliovuka kati ya Aden na pwani ya Malabar, wakisafiri kwa pepo zile zile za msimu zilizoleta majahazi Mombasa. Wengi wao waliandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Nilikuwa nimesomeshwa habari za Bahari ya Hindi tangu utoto na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sehemu ya kumbukumbu zake iliokolewa na watu waliokataa kutupa karatasi.

Chumba cha Talmudi kilinikumbusha chuo kwa namna nyingine. Mgeni akiingia atadhani pana ugomvi. Wanafunzi hukaa wawili wawili, kitabu kimoja kati yao, na kila jozi husoma kwa sauti, hubishana, hupiga meza. Hakuna anayemwambia mwenziwe anyamaze. Ukurasa una maandishi ya kale katikati na wafafanuzi pembeni, wengine wakipingana kwa mamia ya miaka, na mwanafunzi wa miaka 15 hujiingiza katika mabishano hayo kana kwamba alikuwa amesubiriwa. Kwetu chuoni kelele ilikuwa ile ile, kila mtoto na sura yake, maalim akisikia kosa la mmoja katikati ya sauti arubaini. Ila sisi tulikariri, wao walihojiana. Nilitamani ningepata vyote viwili utotoni. Wanapomaliza kitabu kizima hufanya karamu, na husoma maneno ya kukiahidi kitabu kwamba watakirudia. Nakipenda sana kitu hicho, watu kukiaga kitabu kama mtu anayesafiri.

Mara moja kila mwaka shule nzima ilihamia kambini kwenye milima ya Catskill kwa Sabato ya pamoja. Tulifika Ijumaa mapema, maana majira ya baridi jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mishumaa huwashwa dakika kumi na nane kabla ya hapo. Simu zilikwenda kwenye masanduku. Kwa saa ishirini na tano hakuna taa iliyowashwa wala kuzimwa kwa mkono, hakuna gari, hakuna kalamu. Mlo wa Ijumaa ulikuwa wa kelele, viganja vikigonga meza mpaka glasi zinaruka. Lakini mlo ninaoukumbuka ni wa tatu, Jumamosi alasiri, jua likiondoka. Hakuna anayewasha taa. Wanaimba nyimbo za polepole, nyingine hazina maneno, giza likiingia ukumbini hadi huoni uso wa aliye karibu nawe, na bado wanaimba, kana kwamba wameishika siku kwa pindo isiende. Vijana wa miaka 17, wenye mitihani, mahaba na simu zinazowasubiri, wamekaa gizani hawataki siku iishe.

Nyota tatu zikionekana, Sabato imekwisha. Wanawasha mshumaa uliosukwa wenye tambi nyingi, wanainua kikombe cha divai, na kijaluba cha viungo kinapita mkono kwa mkono kila mtu anuse. Husemwa kwamba Sabato huleta roho ya ziada, na inapoondoka mtu hufarijiwa kwa harufu nzuri. Kijaluba kiliponifikia mara ya kwanza nilivuta pumzi na machozi yakanitoka kabla sijajua kwa nini. Ilikuwa karafuu. Mamangu mdogo anaishi Wete, Pemba, na nyumba yake inanuka hivyo msimu mzima wa mavuno, majamvi ya karafuu yakiwa yameanikwa hadi barazani. Mwaka uliofuata aliniletea kifurushi, nami nikampa rabi. Mpaka naondoka, kijaluba kile kilijazwa kwa karafuu za Wete.

Sikukuu ya Purimu nitaipita haraka, kwa sababu furaha yake haisimuliki vizuri: mavazi, keki, vikapu vya vyakula viwili viwili ambavyo kila mtu humpelekea mwenziwe, na kelele ya kulifuta jina la adui linapotajwa katika kisomo. Nilipata vikapu ishirini na tisa mwaka wa mwisho.

Langoni kulikuwa na mlinzi tangu siku yangu ya kwanza. Nilimzoea kama tunavyozoea askari wa benki. Jumamosi, tarehe 27 Oktoba 2018, mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Pittsburgh wakati wa sala ya asubuhi akaua watu kumi na mmoja. Jumatatu nilifika mapema, nikaingia chumba cha sala, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Sikusema kitu na hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Tarehe 15 Machi iliyofuata, siku ya Ijumaa, niliamka na habari za misikiti ya Christchurch, New Zealand, ambako waliouawa walifika 51. Nilikwenda kazini sijui kwa nini. Saa ya chakula cha mchana walikuja darasani kwangu wanafunzi saba. Waliketi. Hawakusema neno, hawakuleta maua, walikaa tu wakiangalia meza. Mwisho nilishindwa na kimya chao, nikaanza kuwaeleza habari za msikiti wa mtaa wetu, wa Mandhry, wenye mnara mnene mweupe kama nguzo ya chumvi, na jinsi nyanya yangu alivyotutuma kuwapelekea futari waliomo ndani. Wakasikiliza mpaka kengele.

Kimya kile sikukielewa hadi vuli ya mwaka ule, baada ya sikukuu za Septemba na Oktoba, baba wa mmoja wa wanafunzi wangu alipofariki ghafla. Kijana alikuwa na miaka 16. Wayahudi huzika haraka kama sisi, kisha wafiwa hukaa siku saba nyumbani. Siku hizo huitwa *shiva*, yaani saba. Sisi husema kukaa matanga. Wao nao husema kukaa shiva. Nilipofika mlango ulikuwa wazi, hakuna wa kupiga hodi. Vioo vilikuwa vimefunikwa. Wafiwa walikaa kwenye viti vifupi, karibu na sakafu, shati la kijana likiwa limechanwa upande wa moyo. Na nyumba nzima ilikuwa kimya, imejaa watu. Mama wa mwanafunzi mwingine akaninong'oneza: anayekuja kuhani hasemi kwanza; mwenye msiba ndiye anayeanza. Hapo nikawakumbuka wale saba na meza walizoziangalia. Walikuwa wamekuja kwangu msibani.

Nilikaa chini. Kukaa msibani nilikujua. Nimekua kwenye mikeka ya matanga, nikipitisha kahawa chungu. Ukutani karibu na mlango palikuwa na karatasi kubwa. Mishna, ambayo ndiyo msingi wa Talmudi, ina vitabu 63, na wanafunzi walikuwa wameviorodhesha vyote, kila mmoja akiandika jina lake mbele ya kitabu atakachokisoma, ili ndani ya siku thelathini Mishna yote iwe imesomwa kwa ajili ya marehemu. Kwetu juzuu thelathini hugawanywa vivyo hivyo kwenye hitma, kila mtu na juzuu yake, na msahafu wote ukahitimu kwa kikao kimoja. Nilimtafuta mtoto wa aljebra kwenye orodha. Alikuwa amechukua vitabu viwili.

Tangu hapo kijana alipaswa kusema kadishi ya wafiwa kwa miezi kumi na moja, kila siku, katika kila sala. Ni maneno ya Kiaramu, ya kumtukuza Mungu, wala kifo hakitajwi humo. Kwa Kiebrania huitwa *kadish yatom*, na neno la pili sikuhitaji kutafsiriwa. Yatima. Lakini yatima hawezi kuisema peke yake. Lazima wawepo kumi wa kumwitikia. Familia yake ilikuwa ya wale wanaohesabu wanaume tu, na wenzake wakaandika zamu: nani atabaki sala ya alasiri siku ya mechi ya mpira wa kikapu, nani atakuja siku ya theluji shule ikichelewa kufunguliwa, nani atakuwapo siku za mitihani. Wengi wao si watu wa kusali alasiri. Niliiona zamu ile kwenye ubao wa ukumbi, na kama mwalimu wa hesabu ninasema ni kazi safi kuliko zote walizowahi kuniandikia.

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifika. Masinagogi ya eneo letu yalifungwa, shule ikahamia kwenye skrini, na kwa familia ile watu kumi kwenye skrini si watu kumi. Kijana akakosa kadishi. Rabi akawa anampigia simu kila jioni wasome pamoja mistari ya Mishna kwa jina la baba yake. Mimi niliondoka Juni, bila kuagana ana kwa ana na hata mmoja wao.

Kwa hiyo jioni ninayorudi kwayo ni ya mwezi uliotangulia Machi ile, mwishoni mwa Februari. Tulikuwa tunatoka Washington, kwenye jumba la makumbusho la maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya. Ndani yake kuna mnara wa picha unaopanda ghorofa tatu, picha za watu wa mji mmoja tu, Eishyshok, huko Lithuania: harusi, pikniki, watoto kwenye farasi, wasichana wenye mapambo ya nywele. Wayahudi wa mji ule waliuawa kwa siku mbili, Septemba 1941. Wanafunzi walisimama chini ya picha zile muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na ndani ya basi hakuna aliyeimba.

Jua lilikuwa linashuka tulipoegesha kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu ya New Jersey. Rabi akashuka kuwakusanya kwa sala ya alasiri kabla jua halijazama. Wayahudi hawapendi kuhesabu watu kwa namba. Hutumia mstari wa Zaburi ya 28 wenye maneno kumi, neno moja kwa kila kichwa. Nyanya yangu naye, ukimuuliza ana wajukuu wangapi, alikujibu kuwa ni hao hao aliojaaliwa. Rabi akawapitia kwa mstari wake, akianza na yeye mwenyewe, na neno moja likabaki. Safari ile ilikuwa na wavulana wanane tu na wasichana kumi na saba. Neno la mwisho halikupata mtu.

Kijana alisema si kitu, ataacha leo. Alisema kwa sauti ya mtu anayejaribu kutoharibu safari ya wenzake. Nilisimama pale nikiwa na miaka arubaini na miwili, mwenye shahada mbili za hesabu, na sikuwahi kutamani kuwa namba kama nilivyotamani dakika ile. Hata dereva, mwanamume mzima lakini asiye Myahudi, hakufaa. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwao huhesabiwa na huongoza sala, na ambaye mara nyingi alibishana na kijana huyu huyu juu ya jambo hilo, akatuangalia sote, akageuka akakimbia kuelekea kwenye mikahawa. Wasichana wengine wakamfuata. Niliwaona kupitia vioo wakigawana kumbi, wakitazama vichwa vya watu.

Walirudi na mtu mmoja aliyeshika kikombe cha kahawa, kikofia kichwani, mke na watoto wakiwa wamebaki garini. Hakuuliza ni msiba wa nani. Aliweka kikombe juu ya boneti ya gari, akasimama mwisho wa mstari. Walisali wakielekea mashariki, malori yakivuma nyuma yao, na mwisho kijana akasema kadishi yake, wakamwitikia.

Jua lilikuwa limezama, na wakati wa magharibi ulikuwa umeingia. Nilimwambia rabi awapakie watoto, nitakuja sasa hivi. Nikatandika shali langu kwenye majani makavu nyuma ya basi, nikasali rakaa tatu, baridi ikipanda magotini. Nilipotoa salamu kuliani nikaona viatu. Nilipotoa kushotoni nikaona vingine. Walikuwa wamesimama kando ya basi, wavulana na wasichana, mikono mifukoni, kimya. Mlango ulikuwa wazi, taa za ndani zinawaka, na hakuna aliyekuwa ameingia.